Kiwanda Kilichokataa Kutulia

Viatu ndivyo msichana wa usafi alivyoviona kwanza. Alikuwa ameinama akifagia chini ya meza za chumba cha kompyuta, akaona dada yake amevivua, vidole vinajikunja sakafuni. Dada hakuwa na mazoea hayo mbele za watu ila roho ikiwa mkononi.

Hakumuuliza. Tangu alipopata kazi ya usafi pale chuoni walikubaliana: nyumbani ni ndugu wa tumbo moja, chuoni hawajuani. "Si kwa ubaya, mdogo wangu," dada alimwambia. "Watu wana midomo." Naye akanyamaza, kama alivyonyamaza alipotolewa darasa la tano ili mmoja wao afike mbali.

Mbali kwenyewe ndiko huku: mwaka wa mwisho, kusanifu kiwanda kizima cha mbolea ndani ya kompyuta. Dada alimweleza walipokuwa wakifua. Gesi isiyogeuka mbolea haitupwi, hurudishwa mwanzo wa mtambo, kama wao wanavyofulia kesho maji waliyosuuzia leo. Lakini kompyuta haijui itarudi kiasi gani. Basi hukisia, huzunguka, hukisia tena, mpaka kinachorudi kilingane na kilichokisiwa. Hapo kiwanda kimetulia. Kisipotulia, hakuna majibu ya kukabidhi. Na mwisho wa kukabidhi ulikuwa leo saa kumi. Anayechelewa hurudia mwaka, na mfadhili anayemlipia ada harudii.

"Tofauti inashuka! Usiguse kitu," alisema mwanafunzi mwenzake dada, aliyesimama nyuma ya kiti akingoja zamu. Programu ile ilikuwa kwenye kompyuta chache tu, nyingine zilikuwa mapambo.

"Hata asubuhi ilishuka, ikapanda tena," dada akasema. "Kiwanda changu kina wazimu."

"Chako kina nafuu. Changu kimeshalipuka."

Wakacheka kicheko cha watu walioishiwa nguvu.

"Binti!" Msimamizi, ambaye wote walimwita Mzee Funguo, alikuwa nje ya mlango, penye ngazi, mkono mmoja mfukoni. Msichana akamfuata na ufagio wake. "Zima swichi kubwa. Mafuta ya jenereta yaliyobaki ni ya mkutano. Kuna wageni."

"Wanafunzi bado wamo, mzee."

"Wanafunzi huwa hawaishi. Mafuta ndiyo yanaisha."

"Wanakabidhi kazi leo."

"Nawe umekuwa profesa lini? Zima, au ukafagie kwingine."

Kutoka ndani ikasikika sauti ya dada, nyembamba, karibu ya kilio: "Imebaki kidogo! Jamani, imebaki kidogo tu!"

Msichana akaegemea boksi la swichi ukutani kwa mgongo. Kodi ya chumba chao ilitoka kwenye ufagio ule, na unga, na sabuni.

"Siwezi, mzee."

"Unasemaje?"

"Siwezi."

Mzee Funguo hakukasirika hata kidogo. Alimsogeza kwa bega, kama mtu anavyosukuma mlango uliokwama, akaivuta swichi mwenyewe. Feni zikazimika. Chumbani mtu mmoja akatukana taratibu. Kutoka jengo la pili kipaza sauti kiliendelea kuwashukuru wageni kwa kuijali elimu.

"Kesho usije," Mzee Funguo akasema, akaenda zake.

Wanafunzi wakatoka. Dada alikuwa wa mwisho, macho mekundu, kaukumbatia mkoba mtupu.

"Huyu wa usafi katupigania," yule mwenzake akasema. "Mnamjua?"

Wakatazamana. Dada akaangalia ukuta.

"Mimi ni mdogo wake," msichana akasema, akimwonyesha dada kwa kidole, kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. Walimsikia wote, naye hakuona tena sababu ya kuishia hapo.

"Na mimi pia nilitaka kusoma."