Wa Pili Alikuwa wa Kubaki

Sheria ya chama chetu cha mazishi hapa mtaani Makina ilikuwa fupi: mtu akifiwa, waende watu wawili kumpa habari. Nilipochaguliwa katibu, ndiyo ya kwanza niliyoivamia. Mkutanoni niliuliza huyo wa pili hubeba nini, chaja? Watu wakacheka mpaka hoja yangu ya kuifuta ikapita. Kuanzia siku hiyo habari ikawa ni ya simu, kwenye grupu. Mzee Fadlalla, mwenyekiti, hakucheka wala hakupinga.

Jumanne asubuhi Riyadh, mwanachama wetu, akafariki. Nikaandika kwenye grupu: Riyadh amefariki, maziko leo alasiri. Nilijiona mjanja, dakika mbili tu kazi imeisha.

Dada yake, Sabah, alishahamia Kawangware, ambako huuza mandazi. Aliusoma ujumbe peke yake mbele ya karai la mafuta ya moto. Akaanguka, mkono ukaingia kwenye mafuta. Tulipokuwa tunamzika Riyadh, yeye alikuwa hospitalini anafungwa bendeji.

Kesho yake nilichukua daftari la mikutano nione barua za pole huandikwaje. Sikuwahi kulifungua, nilidhani sheria zetu zilizaliwa pamoja na wazee. Kumbe kila moja ina mtu aliyeumia nyuma yake. Mwanzoni alitumwa mtoto akimbie. Mwaka 1971 wakakataa mtoto, maana mmoja alisahau jina njiani akaliza nyumba isiyofiwa. Akawa anatumwa mtu mzima mmoja. Mwaka 1987 aliyetumwa alitoa habari kule mtaa wa Silanga, akakimbia kuipeleka nyumba nyingine. Huku nyuma mjane akaangukia jiko la makaa. Chini yake wameandika: waende wawili, mmoja wa kusema, mmoja wa kubaki.

Nilimpelekea Mzee Fadlalla ukurasa ule, nikamuuliza mbona alininyamazia.

"Nilidhani umesoma," akasema.

Afadhali angenizaba kofi.

Tukaenda Kawangware pamoja. Nilikuwa nimepanga utani wa kuingilia mlangoni, ukanikaukia mdomoni. Sabah alikuwa anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Nikamwambia wazi kwamba aliyeifuta ile sheria ya mmoja wa kusema, mmoja wa kubaki, ni mimi, na kwamba sikuuliza iliwekwa kwa nini.

Akatutazama kwa zamu. "Leo mmekuja wawili, Nabil. Nani wa kubaki?"

Mzee aliaga jua likiwa bado kali. Mimi nikakunja mikono ya shati, nikavuta beseni upande wangu. Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia ile sufuria kubwa bado ina ukoko.