Choo Kisichoshika Madoa

Kwa miaka nenda rudi Bi Cherehani alitamba mtaani kwamba choo chake hakishiki madoa. Wateja waliokuja kupimwa nguo wakipitia humo walitoka wakitikisa vichwa, maana vyoo vya kwao vilikuwa na lile duara la kahawia lisilosikia brashi wala dawa. "Maji yangu hayana chumvi," alikuwa akiwaambia, na shingo inarefuka kidogo.

Mumewe alipofariki, haikupita muda duara likajichora ndani ya bakuli, kwanza jembamba kama uzi, kisha nene na gumu. Alisugua mpaka mabega yakamuuma. Akamwaga siki chupa nzima, ikachanganyika na maji, ikaenda zake bure. Na jioni hii majirani walikuwa wanakuja kumsalimia wifi yake, aliyefika jana. Lazima mmoja wao angeomba choo, na hapo Bi Cherehani angeuficha wapi uso wake?

Wifi alimkuta amepiga magoti, povu mpaka viwikoni.

"Wewe nawe, wifi! Siki unaimwaga majini itafanya nini? Toa maji kwanza."

Akachukua kopo, akayachota maji ya bakuli mpaka duara likabaki wazi. Kisha akachovya matambara kwenye siki, akayabandika juu yake pande zote.

"Halafu?"

"Halafu tunangoja, hata saa nzima. Kaka yangu alikuwa anasoma gazeti."

Bi Cherehani akamgeukia. "Kaka yako alikuwa anafanya hivi?"

"Kila Jumamosi. Kwani hukujua?"

Hakujua. Alichojua ni kwamba kila Jumamosi mumewe alijifungia chooni na gazeti, hatoki ng'o, naye alimgongea mlango akimuuliza kama amehamia humo jumla. Mzee wa watu alicheka tu kule ndani. Nje, Bi Cherehani aliwasimulia wateja kuwa ameolewa na mvivu wa kutupwa, asiyejua hata fagio linashikwa upande gani.

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Mke wangu akisifiwa choo chake anatembea kama bibi harusi, sina moyo wa kumharibia.'"

Bi Cherehani akakaa sakafuni palepale. Alimkumbuka akitoka na gazeti kwapani, vidole vimekunjamana kwa maji, ananukia siki, naye akimfokea akaoge. Alimtamani arudi hata kwa Jumamosi moja tu, ajifungie humo mpaka jioni. Akalia, na wifi akamwacha alie, huku mwenyewe akijifuta macho kwa kiwiko.

Walipobandua matambara, ukoko ulikuwa umelainika. Brashi ikauondoa vipande vipande, bakuli likang'aa.

Majirani walipofika, Mama Pacha wa nyumba ya pili ndiye aliyeomba choo. Alirudi sebuleni mikono kiunoni.

"Jamani, huyu mwenzetu maji yake anayatoa wapi?"

Wote wakacheka. Wifi akainamia kikombe chake. Bi Cherehani angeweza kucheka nao, yakaishia hapo.

"Yanatoka kunakotoka yenu," alisema. "Ila mimi nilikuwa na mume aliyekisugua choo kila Jumamosi, nami nikamwita mvivu mbele yenu nyote."