Msiba wa Sehemu ya Pili

Othmar alikuwa ameapa kwamba filamu ile hataitazama, na mjini Mbinga kiapo cha mwalimu huyo hakikuwa cha mdomo mtupu. Hata hivyo, Jumamosi moja mchana, mvua ilipowatawanya watu sokoni, alikunja mwavuli, akaingia katika banda la video na kuketi benchi la nyuma kabisa, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi.

Filamu ilikuwa ya rafiki zake. Pankras, aliyeneemeka tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa, ndiye aliyeleta kamera. Festo, bwana mifugo mwenye tumbo la kumtangulia, ndiye aliyetunga vichekesho. Wote watatu walilala bweni moja ujanani, Othmar akiwa kiranja wao. Katika sehemu ya kwanza waliigiza wazee wanaoteremka ziwani kula samaki, kisha wanaharisha njia nzima ya kurudi. Othmar alikubali kuigiza kwa kuwa hakutakiwa kufanya lolote zaidi ya kukaripia. Watazamaji walicheka hadi machozi, naye aliamini kwamba waliwacheka wale wawili.

Katika sehemu ya pili walimtaka atoke chooni mbio, suruali magotini, mbele ya kwaya ya akina mama.

"Sitafanya," alisema. "Nimewafundisha watoto wao."

"Kiranja, ni suruali tu," Pankras alimbembeleza. "Hata chupi tutakununulia mpya, isiyo na matundu."

"Mtu mzima ana mipaka."

Festo, ambaye kwa ukoo alikuwa mtani wake, alipandisha mabega. "Basi tutakuzika. Marehemu hana kazi na suruali."

Wakaenda Lundo, kule ziwani, kupiga picha bila yeye. Tangu siku hiyo hakuna aliyebisha mlango wake jioni. Mkewe alikwisha kufariki, watoto wako mbali. Othmar alijiandalia meza kwa uma na kisu, akala akisikiliza redio, akaosha sahani yake. Kiburi hakikumruhusu kuwafuata. Sasa alikuja kuona kama walimbakizia nafasi yoyote kati yao.

Walimbakizia jeneza. Filamu ilianzia msibani kwake: jeneza mbele ya altare, meza ya misa, ufukweni, wanawake wakilia kwa kupokezana, na Festo, kama watani wafanyavyo, amelala ndani ya kaburi akikataa kutoka hadi apewe pombe. Alipopewa, alifunga tai juu ya fulana iliyochanika, akaanza kumwigiza marehemu: shingo imekakamaa, mikono nyuma, hatua za gwaride. Kila hatua alijamba.

"Nyamaza!" aliyakaripia makalio yake, kwa sauti ya Othmar hasa. "Nani amekuruhusu kusema bila kunyoosha mkono?"

Banda zima likaangua kicheko. Mama mmoja mwenye kapu la mboga alimgeukia Othmar gizani akijifuta macho.

"Baba, huyu marehemu ulimfahamu?"

"Kidogo."

"Wanasema alikufa kweli. Maana haonekani tena na wenzake."

Othmar hakungoja mwisho. Alikwenda moja kwa moja kwa Pankras, akawakuta barazani wote wawili, bia mkononi, samaki mbasa wa kuchoma katikati.

"Yesu na Maria!" Festo aliruka. "Marehemu amefufuka! Leteni uvumba!"

Kisha wakamngoja ajibu. Othmar alijua desturi: mtani akikuchokoza, unamrudishia, anayenuna ndiye mkosaji. Tusi moja lingetosha, hata la kitoto. Njia nzima alilitafuta asilipate. Kilichomtoka ndicho kilichomuuma.

"Jeneza mliliweka kinyume. Mlei hulazwa miguu ikielekea altare. Mmenilaza kama padre. Na ninyi mmesoma dini!"

Pankras alipiga paja. "Kama padre! Mungu wangu, anatoka kaburini kuja kusahihisha!"

"Umenipiga, mtani," Festo alilia kwa kicheko, akisogea kumpisha. "Nimeshindwa. Kaa."

Othmar alifungua kinywa kuwaambia kwamba hakutania hata kidogo. Aliitazama nafasi ile kwenye benchi. Akaketi.

Festo alimmegea samaki kwa vidole visivyooshwa, na Othmar, aliyewakagua kucha ujana wao wote, alipokea akala. Wenzake walikuwa wangali wakicheka. Akajaribu kucheka nao. Sauti ilimtoka kavu, tena imechelewa, wala hakuna aliyeisikia.