Ripoti ya Winchi Mbili

Ripoti ilikuwa na kurasa nne, na fundi aliiandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa, ule anaoutumia akitaka watu wamwamini. Winchi mbili, mwezi mmoja, kila moja irushe ndege mara thelathini. Itakayoshinda ibaki uwanjani, itakayoshindwa ikatwe iwe chuma chakavu. Ndivyo kamati ya klabu ilivyoamua, na kamati ile ikishaamua jambo hairudi nyuma, hasa kama jambo lenyewe halikufikiriwa.

Klabu ilikuwa ya ndege zisizo na injini. Ndege ya namna hiyo haipandi yenyewe, lazima ivutwe: winchi inakaa mwisho wa uwanja, inakunja waya wa kilomita moja kwenye ngoma yake kwa kasi, na ndege iliyofungwa upande wa pili inainuka kama tiara. Winchi ya zamani ilikuwa na injini ya lori na giaboksi ya mkono. Aliyeiendesha miaka kumi na tisa alikuwa shemeji yake fundi, mume wa dada yake, ambaye klabu nzima ilimwita Mzee Klachi. Alikuwa akiweka gia ya tatu, anaachia klachi taratibu, na rubani hajui hata waya umekaza saa ngapi. Fundi mwenyewe alijifunza kazi chini yake.

Winchi mpya aliiunda fundi kwa giaboksi ya otomatiki iliyotolewa kwenye basi. Hiyo haina klachi. Nguvu ya injini inapita kwenye mafuta, kwa hiyo hata mtu mwenye mguu wa mbao angeanza kuvuta bila kuishtua ndege. Ubaya wake ni kwamba otomatiki inajichagulia gia. Ndege ikiwa katikati ya kupanda na mzigo ukizidi, inashusha gia ghafla, na rubani anahisi kama amepigwa teke mgongoni. Hilo fundi aliliandika ukurasa wa pili bila kuficha. Mpaka hapo alikuwa mtu mwaminifu.

Ukurasa wa tatu ndio uliomharibia usingizi. Kati ya waya na ndege hufungwa kiungo, kipande cha chuma chembamba kwa makusudi, ili mvuto ukizidi kikatike chenyewe kabla mabawa hayajavunjika. Cha bluu ni cha ndege ya mtu mmoja. Cheusi, kilicho imara zaidi, ni cha ndege ya watu wawili. Kabla ya kuvutwa, rubani huuliza rangi na aliye chini, anayekifunga, humjibu. Jumamosi ya mwisho ya majaribio aliye chini alikuwa fundi. Asubuhi alifungua kopo la viungo vya bluu kwa ajili ya ndege ndogo, na ilipoletwa ndege ya watu wawili ivutwe na winchi ya zamani, aliendelea kuchota kwenye kopo lile lile. Mwalimu wa urubani aliuliza, "Kiungo?" Fundi akajibu, "Cheusi," kwa mazoea tu, macho yake yakiwa kwenye mtambo wake. Mara tatu aliulizwa, mara tatu alijibu hivyo, na mara tatu kiungo kilikatika. Mara ya tatu ndege ilitua kwa kishindo, mwalimu akaumia mgongo.

Alasiri, akikusanya vifaa, ndipo fundi alipoiona rangi. Alisimama na kopo mkononi. Kisha akalifunika, akaenda nyumbani, akaandika: "Viungo vilikatika mara tatu kutokana na mshtuko wa klachi." Alijiambia atarekebisha kesho. Kamati ikasoma, ikapiga kura winchi ya zamani ikatwe, ikatafuta mkata vyuma, na kesho yake haikufika.

Asubuhi ya siku ya kukata, dada yake alimpigia simu.

"Mdogo wangu, njoo uongee na shemeji yako. Gari kaliacha."

"Limeharibika?"

"Gari zima kabisa. Yeye ndiye anasema mguu hausikii. Juzi katoka sokoni kwa miguu, gunia begani, gari liko uani linamwangalia. Eti mtu aliyemvunja mwalimu mgongo asishike usukani."

Fundi aliona haya hata ya kuaga. Wiki iliyopita yeye na shemeji yake walikwenda kumwona mwalimu. Mzee Klachi alisimama kando ya kitanda akasema, "Nisamehe, mwalimu, mguu umezeeka," na fundi akatazama ukuta. Alijichukia siku ile, lakini kujichukia kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Alimkuta shemeji yake sebuleni, anaukanda mguu wa kushoto kwa mafuta ya moto.

"Karibu, kaa. Mkata vyuma anafika saa ngapi?"

"Saa nne."

"Mwambie aanze na ngoma ya waya. Akianza na fremu, itamwangukia."

Maneno yale yalimchoma fundi kuliko tusi. "Shemeji, mguu wako hauna kitu."

"Daktari wa magiaboksi siku hizi anatibu na miguu?"

"Ni mimi. Jumamosi ile nilifunga viungo vya bluu kwenye ndege ya watu wawili. Niligundua alasiri. Nikaandika ni klachi."

Dada alikuwa ametokea mlangoni na kitambaa cha vyombo.

"Uligundua alasiri," alisema Mzee Klachi.

"Ndiyo."

"Basi tulipokwenda kwa mwalimu ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanishika mkono kunishusha ngazi."

Mzee Klachi aliutazama mguu wake, akaufuta mafuta, akavaa kiatu. Fundi akanyoosha mkono amwinue. Shemeji yake akausogeza pembeni bila hasira. "Mama watoto, nipe funguo." Na walipofika kwenye gari, kiti cha mbele kikiwa kitupu, akamwambia fundi, "Wewe kaa nyuma."

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Fundi alimpigia mwenyekiti wa klabu, simu ikaita mpaka ikakata. Akampigia tena, vilevile.

"Mwalimu bado yuko nyumbani kwake?" aliuliza Mzee Klachi.

"Yuko. Hajaruhusiwa kuinuka."

"Tutaanza kwake. Utamwambia kama ulivyoniambia mimi."

"Shemeji, uwanjani ni upande wa pili. Tukipita kwa mwalimu hatutaiwahi winchi."

"Najua," alisema shemeji yake, akashusha gia na kukata kona kuelekea kwa mwalimu.