Kiganja cha Dirisha la Nne

Alivua soksi za mikononi kwa meno, ya kulia kwanza, kisha ya kushoto. Usiku wa nne huo alilala nazo, viganja vimejaa mafuta ya mgando, kwa sababu mama muuza mkaa wa pale uani alimwambia ngozi ikilainika mistari ya vidole hurudi. Alisogeza kidole gumba kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Imerudi?" binti yake aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia.

"Inakuja."

"Inakuja au imekuja, baba? Maana leo ndiyo leo."

Kweli, leo ndiyo leo. Saa kumi alasiri shule ilikuwa inafunga orodha ya watakaofanya mtihani wa kidato cha nne, na kompyuta ya shule haikubali jina la mtoto wa mgeni bila namba ya kadi ya ukaazi ya mzazi, tena kadi iliyo hai. Ya baba ilikufa wiki tatu zilizopita, na mpya haitolewi bila alama za vidole. Ya mama ingefaa, ila mama mwenyewe alizikwa mwaka juzi, na kadi yake ilikatwa kona kwa mkasi siku ileile mumewe alipokwenda kuchukua cheti cha kifo. Wakubwa wakitaka kufanya jambo haraka, wanajua sana.

Alikuwa fundi wa plasta. Miaka kumi na tisa alikuwa katika mji huu, na mji mzima ulimwita Mgeni. Hawakumwita kwa ubaya, lilikuwa jina tu, kama mwingine anavyoitwa Mrefu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye walimpa jembe siku ya kwanza, na siku nyingine hakuna aliyezihesabu.

Mafundi wengine humalizia ukuta kwa ubao. Mgeni alimalizia kwa kiganja kitupu, akipapasa saruji mbichi kama mtu anayemtuliza mtoto mwenye homa. "Glovu haina macho," alikuwa akisema. Kuta zake zilikuwa hazipasuki, na kwa sababu hiyo alipata kazi. Na kwa sababu hiyohiyo saruji ilimla vidole, mstari mmoja mmoja, mpaka ikamaliza.

Saa moja asubuhi walikuwa kwenye foleni, yeye na mfuko wake wa vifaa begani, binti na sare ya shule aliyoipiga pasi.

"Mgeni!" mlinzi wa mlangoni alimwita. "Umerudi tena?"

"Mara ya nne, mzee mwenzangu."

"Basi ukifika ya kumi tutakupa kiti chako."

Walicheka kidogo. Ukumbi ulikuwa na madirisha sita ya vioo, mabenchi ya chuma, na ukutani, karibu na dirisha la nne, bango kubwa la watu wa kila rangi wanaotabasamu: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Chini ya bango palikuwa na karatasi nyingine: KUPIGA PICHA NI MARUFUKU.

Zamu yao ilifika saa saba unusu. Karani wa dirisha la nne alisukuma kimashine chenye kioo cha kijani.

"Vidole vinne vya kulia. Bonyeza. Usitelezeshe, baba, bonyeza! Umejipaka nini?"

"Mafuta, dada."

"Hapa si saluni."

Benchi la mbele lilicheka. Mgeni alijifuta kwenye suruali, akaweka tena. Akaweka vya kushoto. Akaweka vidole gumba. Kila mara mashine ililia mlio mmoja mfupi, kama kifaranga kilichokanyagwa.

"Mtambo unasema huna alama," karani alisema.

"Haujasema uongo. Zimeishia kazini."

"Basi mimi hapa naona picha tu. Mtu simwoni."

Binti alisogea kwenye kioo. "Dada, shikamoo. Kuna fomu ya wasio na vidole. Imebandikwa pale."

"Marahaba. Hiyo ni ya waliokatika. Baba yako amekatika?"

"Hapana."

"Anavyo kumi, nimeviona. Nikiandika hana, nimeidanganya serikali."

"Kwa hiyo angekuwa amekatika angepata kadi?"

Karani aliinamia kioo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu, na soda yake ilikuwa imepata moto mezani. "Angepata," alisema kwa sauti ya chini. "Leo hiihii."

Mgeni akaitazama mikono yake. Aliitazama muda mrefu kupita kiasi, kisha macho yakashuka kwenye mfuko wa vifaa, ambamo mlikuwa na msumeno. Binti akamkamata kifundo cha mkono, akakibana.

"Baba. Hata usifikirie."

"Sijafikiria kitu."

"Nakujua."

"Pumzisha mikono wiki sita," karani alisema, "urudi tujaribu."

"Wiki sita tutakula nini?"

"Hilo si la dirisha hili, baba yangu."

Binti hakuondoka. Alisimama palepale mpaka karani akaona heri amwite mkuu wa kitengo. Mkuu alitoka saa tisa kasoro robo, shati jeupe, tumbo likitangulia. Alisikiliza huku akisoma simu.

"Mzee, hatukukatai," alisema. "Sisi tunapenda wageni, si umeona bango? Tunachotaka ni uthibitisho kwamba wewe ndiye wewe. Kungekuwa na alama yako ya zamani, tungekuwa na pa kuanzia. Lakini kadi za zamani zilikuwa za picha tu."

Mgeni aliinua kichwa. "Alama ya zamani?"

"Ya kabla hujaharibika, ndiyo."

"Ipo, mkuu. Humu ndani."

Alikwenda kwenye bango. Miaka tisa nyuma, mkandarasi wa jengo hili alimchukua kwa kutwa, bila kumwuliza kadi wala jina, kwa maana alitaka kuta za kupokelea wageni zimalizike kabla waziri hajaja kukata utepe. Na Mgeni alikuwa na mazoea aliyoachiwa na mzee aliyemfundisha kazi: ukimaliza ukuta wa mwisho, uache kiganja chako mahali pasipo macho ya watu, ili siku ukipasuka ujue wa kumwita. Alishika kona ya bango, akalivuta. Gundi ilikuwa kavu, karatasi ikachanika.

Kiganja kilikuwa pale. Vidole vitano, mistari yote imetulia kwenye saruji kama matuta ya shamba lililolimwa vizuri, na kidole cha mwisho kimepinda kuelekea nje. Mgeni aliinua mkono wake wa kushoto, wenye kidole cha mwisho kilichovunjwa na tofali ujanani, akauweka juu yake. Uliingia kama kifuniko kwenye chungu chake.

Benchi la mbele liliinuka. Halafu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema kwa nguvu, "Si yeye huyo! Mnataka nini tena?"

"Ni yeye," mlinzi alisema kutoka mlangoni. "Mimi nilikuwa nalinda mifuko ya saruji hapa. Namkumbuka."

Kijana mmoja aliinua simu apige picha. Mkuu alimwonyesha karatasi ya marufuku, simu ikashuka. Kisha akaliokota bango, akalitazama palipochanika, akalitupa tena sakafuni.

"Nani aliyekuruhusu kuchora jengo la serikali?"

"Sikuchora, mkuu. Nililijenga."

"Na bango umelichana. Unajua hii ni kesi?" Alitazama saa yake. Sauti ikalainika, kama inavyolainika sauti ya mtu aliyeona njia ya kutokea. "Sikiliza, mzee. Si ndiyo kazi yako? Ziba hilo doa. Ukimaliza njoo mlangoni kwangu, tutaona."

"Usizibe," binti alimnong'oneza. "Hicho ndicho tulicho nacho."

"Amesema tutaona, mwanangu."

"Wamesema tutaona tangu nizaliwe."

"Na nikiandikiwa kesi leo, utafanya mtihani wa nani?"

Mlinzi alileta saruji iliyobaki kwenye ukarabati wa choo, na maji katika ndoo ya deki. Saa tisa na dakika kumi Mgeni alikoroga kwenye kipande cha boksi. Alichukua mwiko, akaanza na kidole gumba, akapandisha kimoja kimoja, na cha mwisho, kile kilichopinda, alikiacha hadi mwisho kabisa. Akaloweka kiganja, akapapasa ukuta mpaka ukawa sawa. Hakuna ambaye angejua kwamba hapo palikuwa na kitu.

Saa kumi kasoro robo aligonga mlango wa mkuu. Akagonga tena.

"Ametoka," mfagizi alimwambia. "Kapitia mlango wa nyuma. Ana semina."

"Semina ya nini?"

"Ya namna ya kuishi vizuri na wageni. Kule hotelini. Siku tatu."

Alirudi kwenye dirisha la nne. Karani alikuwa anafunga droo. Alimwona, akaona na ukuta, akainamisha macho. "Baba, hajaniachia neno lolote," alisema, akavuta pazia.

Saa ya ukutani iligonga kumi. Shuleni, mahali fulani, mtu alibonyeza kitufe na kwenda zake nyumbani. Mgeni alikaa kwenye benchi la chuma, mikono imelala mapajani, saruji ikimkaukia. Alitaka kusema kitu kwa binti yake, lakini maneno yote ya kufariji aliyoyajua yalikuwa ya mkewe, na mkewe hakuwapo.

Binti alikuwa amesimama mbele ya ukuta.

"Bado mbichi, baba?"

"Mbichi."

Binti alikunja mkono wa sare. Aliweka kiganja palepale, akaegemea kwa uzito wake wote, akahesabu kimoyomoyo, akakitoa. Mistari yote ilitoka, kila kidole na yake.

Mlinzi alikuwa ameona. Alikuja polepole na funguo zake. Aliliokota bango sakafuni, akalikunja mara mbili, halafu mara ya tatu, akalisokomeza chini ya kiti chake.

"Ukuta mbichi hautundikwi kitu," alisema. "Au nimekosea, fundi?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa jengo lile kumwita hivyo.

"Hujakosea," alijibu. Akachukua mfuko wake, akamshika binti yake mkono, na ulikuwa bado umelowa saruji.