Chale za Ng'ambo

Bi Mwamini alikata roho saa tatu asubuhi, na ilipofika saa tano hakuna jirani aliyekuwa amekanyaga baraza ya nyumba yao. Ujiji mtu hafi kimyakimya namna hiyo. Kilio cha kwanza kikisikika tu, wanawake wameshajaa uani, mikeka imeshatandikwa, na mtu ambaye hata humjui anakuuliza sufuria kubwa iko wapi. Mwanvua, binti wa marehemu, alilia mara mbili, kwa sauti ya kufika msikitini. Mara ya pili alisikia redio ya nyumba ya jirani ikipunguzwa, kisha ikaongezwa tena.

Akanyamaza. Akamfunga mama yake kidevu kwa kitambaa, akamnyoosha miguu, akamfunika shuka. Kazi hiyo mikono yake iliijua. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake wa mtaa ule. Wazee, mabinti, waliofia uzazini, hata mama wa mwenyekiti wa mtaa, wote walipita mikononi mwake, na hapakuwa na nyumba ambayo hakuwahi kuingia na ndoo yake. Leo alikuwa na maiti yake mwenyewe, na hapakuwa na jirani wa kumsaidia kuigeuza.

"Yaya," aliita Hadija kutoka uani, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, "maji iko tayari. Mie nitamimina, unionyeshe tu."

Hadija alikuwa mpangaji wa chumba cha uani. Alikuwa amevuka ziwa mwaka uliopita, vita vilipowakuta kwao Fizi, ng'ambo ya pili, akiwa na kitenge kimoja na kovu la moto shingoni. Kambini hakukaa. Alisema kambini amemwona mtu aliyemchomea nyumba, naye amepanga foleni ya unga kama watu wengine. Mwanvua hakumuuliza zaidi.

Kwa sababu ya Hadija na wengine kama yeye, wiki tatu zilizopita uliitishwa mkutano wa mtaa. Mwenyekiti Hamdani alisimama mbele ya watu na daftari mkononi, akasema operesheni ya kuwaondoa wageni inakuja, na kila mwenye mgeni kutoka ng'ambo amtaje sasa hivi, kabla serikali haijamtaja yeye mwenyewe. Watu walipiga makofi. Mwanvua hakuwalaumu sana. Dawa zilikuwa zimekwisha zahanati, kuni zilikuwa zimepanda, kipindupindu kilikuwa kimechukua watoto wawili mtaa wa pili, na mtu mwenye shida hupenda kuonyeshwa wa kumlaumu. Majina yakaanza kutajwa. Mama mmoja alimtaja mfua nguo wake, aliyekuwa bado nyumbani kwake anamfulia.

Hapo ndipo Mwanvua aliponyanyuka.

"Mnawaita hawa wageni," alisema. "Sisi tumetoka wapi? Mama yangu alivushwa ziwa akiwa mtoto wa miaka mitano, amebebwa mgongoni. Mama zenu nao hivyo hivyo, na bibi zenu. Nimewaosha kwa mikono hii. Nimeziona chale za ng'ambo migongoni na matumboni mwao. Leo mnapiga makofi watoto wa kule kule wapakiwe kwenye malori. Hamwoni haya?"

Hakumtaja mtu. Ila macho yake, bila yeye kukusudia, yalikuwa yamemwangukia Hamdani, na Hamdani akatazama chini. Mkutano mzima ulimwona akitazama chini.

Ukazuka mguno, halafu matusi. Hakuna aliyebishana naye kuhusu ng'ambo. Walichosema ni kwamba amewavua nguo wafu wao hadharani. Mwosha maiti hasemi alichokiona. Hilo kila mtu analijua, na yeye ndiye aliyemfundisha Ashura, mwosha mwenzake, maneno hayo hayo. Lilimuuma. Usiku wa siku ile alijigeuza kitandani hadi adhana, akijiuliza kama kweli aliwakosea wale mama waliomwamini wakiwa hawawezi tena kusema. Alijuta kutaja miili. Kuhusu mengine yote hakujuta hata kidogo.

Tangu siku hiyo alitengwa. Akifika bombani, ndoo zinasogezwa. Akisema "Shikamoo" kwa mkubwa wake, mkubwa anakohoa. Mawese aliyokuwa akiuza barazani yalikaa kwenye chupa hadi yakaganda. Binti wa jirani alipofariki, aliyeitwa kuosha ni Ashura peke yake. Mwanvua alisimama dirishani, akayaona maji yakitiririka kutoka ua wa pili, na mikono yake ikawa haina kazi.

Saa sita Hamdani alikuja. Alivaa kanzu safi, akabaki amesimama kizingitini bila kuvua viatu.

"Pole, Bi Mwanvua. Mama alikuwa mama yetu sote."

"Ahsante. Wenzako wako wapi?"

"Wapo. Ashura na wanawake watatu wako kwangu, wanasubiri. Vijana wa kuchimba kaburi wako tayari, majembe mkononi. Neno langu tu." Alijikohoza. "Yaani, neno lako. Utoke hapo barazani, useme mbele ya watu kwamba siku ile ulisema kwa hasira, na kwamba hukuona kitu kwenye mwili wa mtu yeyote. Basi. Dakika mbili. Na mama anazikwa kwa heshima zake, mtaa mzima nyuma ya jeneza."

"Kuzika ni faradhi, Mwenyekiti. Si zawadi ya kutoa nyumbani kwako."

"Usinifundishe dini."

"Na Hadija?"

"Huyo ni mambo ya serikali. Wewe angalia maiti yako."

Mwanvua alitazama nyuma, kwenye shuka iliyofunika umbo dogo la mama yake. Maiti wa mtu mzima haachwi hadi jioni. Kila saa inayopita ni aibu, na aibu hiyo ilikuwa yake. Dakika mbili. Angeweza kuzisema huku moyo wake ukisema vingine; watu wangapi wanaishi hivyo na wananenepa? Alifungua mdomo. Kwa muda mfupi kabisa aliyasikia maneno yenyewe yakija, mepesi, karibu matamu.

"Nikisema niliongopa," alisema taratibu, "nitakuwa nimemwambia mama yangu, akiwa amelala hapo hajaoshwa, kwamba hakuzaliwa alikozaliwa. Alinisimulia mto wa kwao mpaka juzi. Siwezi, Hamdani. Nilikosa kutaja miili, na kwa hilo niko radhi kuomba msamaha nyumba kwa nyumba. Lakini kwamba tulitoka ng'ambo, hilo siliombei msamaha. Hata wewe unalijua. Wewe kuliko wote."

Uso wa mwenyekiti ulikakamaa.

"Basi mwoshe na mgeni wako," alisema, akaenda zake.

Baada ya adhuhuri vijana wawili walileta jeneza la msikiti. Walilitua barazani, wakapiga hatua za haraka kurudi, bila kukaa, bila hata kusema pole. Bila shaka dini iliwatuma walilete na mtaa ukawakataza kusubiri.

Mwanvua na Hadija waliingia kuosha. Mwanvua alimfunika mama yake kitovu hadi magotini, akaanza upande wa kulia. Hadija alimimina maji yenye majani ya mkunazi, kwanza mengi mno, kisha kwa kipimo. Walimgeuza. Hadija aliuona mgongo wa Bi Mwamini, mistari midogo iliyopangwa kutoka bega hadi kiuno, akaacha kumimina.

"Bibi yangu alikuwa na hizi," alisema.

"Mimina," Mwanvua alisema. "Mimina tu, mwanangu."

Walikuwa hawajamaliza upande wa kushoto hodi ilipopigwa kwa kitako cha rungu. Mlangoni alisimama ofisa kijana anayeitwa Walter, aliyehamishiwa Kigoma miezi mitatu tu iliyopita kutoka mikoa ya kaskazini, na nyuma yake mgambo wanne. Lori lilikuwa limesimama barabara kuu. Injini yake ilisikika.

"Samahani, mama," alisema Walter kwa adabu ya kweli. "Tuna orodha ya mtaa. Hadija Saidi, mkimbizi?"

Hadija alijitokeza akiwa ameshika kopo, mikono imelowa hadi viwikoni. Hakukimbia. Mgambo mmoja alimshika mkono, akaona umelowa, akaufuta wake kwenye suruali.

"Mwacheni amalize," alisema Mwanvua. "Tunaosha maiti."

"Lori halisubiri, mama. Na wa pili..." Walter alifuata mstari kwa kidole. "Mwamini binti Ramazani. Mzaliwa wa ng'ambo, hana kibali. Yuko hapa?"

Mwanvua aliitazama orodha. Mwandiko wa Hamdani aliujua. Ulikuwa kwenye kila barua ya mtaa. Aliona alivyomwandika mama yake kwa wino wa bluu, jina kamili, kwa habari ile ile aliyoitoa Mwanvua mwenyewe mkutanoni.

"Yuko," alisema. "Ingieni mmchukue."

Walter aliingia hatua mbili, akarudi tatu. Alivua kofia. Alisimama akigeuza kalamu.

"Amefariki... lini?"

"Leo. Hapa. Miaka sabini na nne kwenye mtaa huu. Mko wanne, na jeneza hilo hapo lina mikono minne. Majirani wamekataa kumbeba. Mbebeni nyie, si ameandikwa? Mpitisheni barabara kuu, kila mlango umwone."

Mgambo mmoja, bila kuambiwa, aliinama kushika jeneza. Walter akamkataza kwa kichwa. Akaegemeza daftari kwenye ukuta, akaweka alama ya vema mbele ya jina la Mwamini binti Ramazani.

"Huyu tumeshammaliza," alisema. "Twende."

Walimpeleka Hadija kwenye lori, kopo lake bado mkononi. Mwanvua alitoka hadi katikati ya njia, kanga imemganda mwilini kwa maji. Milango ilikuwa wazi robo, kila mmoja, na nyuma ya kila mlango palikuwa na pumzi. Alijaza kifua, akatangaza msiba kama unavyotangazwa.

"Amefariki Mwamini binti Ramazani! Mzaliwa wa ng'ambo! Anazikwa leo alasiri!"

Mlango mmoja ulifungwa. Halafu wa pili. Wa Ashura, aliyekuwa amesharudi kwake, ulitikisika, haukufungwa, haukufunguka.

Mwanvua alianza kutangaza upya, kutoka kwenye jina.