Sakafu ya Kujitazama

Kabla hujanunua kigae cha sakafu, kimwagie maji, vua viatu, kisha ukikanyage. Mimi sikufanya hivyo. Nilikiinamia tu pale dukani, nikaona rangi yangu ya mdomo imekaa sawasawa, nikasema, "Hiki hiki."

Mnazijua Jumamosi zetu hapa mjini Baní. Kupiga deki kwa kitambaa cha kukamua ni kazi ya katikati ya wiki. Jumamosi, na siku yoyote wageni wakija, tunamwaga maji. Ndoo kwa ndoo kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele, na sabuni ya unga, na dawa ya kunukia, halafu ufagio unayasukuma hadi barabarani, mtaa mzima uone kwamba maji ya kwetu yanatoka meupe. Mama mkwe wangu, Doña Fefa, ana miaka sabini na sita na bado anamwaga ndoo saba. Nimeishi naye miaka kumi na tisa. Lakini dukani nilisahau hayo yote, kama mtu ambaye hajawahi kushika ndoo.

Chanzo ni binti yangu Yanibel. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka kumi na tano. Siku ya sherehe yake, kama ilivyo desturi yetu, baba yake angemkalisha kitini mbele ya watu, amvue viatu bapa vya kitoto, amvishe vya kisigino kirefu, kisha wacheze wawili ile dansi ya kuzunguka taratibu. Na Yanibel ana skrubu mbili kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, tangu alipoanguka na pikipiki ya mjomba wake. Daktari aliniambia neno moja tu: asianguke tena. Neno hilo nalala nalo, naamka nalo.

Sasa jirani yangu wa mkabala, Doña Minerva, ana mwana Nueva York anayemtumia dola. Sakafu yake inang'aa hadi unaona taa ya dari ukiwa umeinama. Akaja kwangu, akatazama chini kwenye vigae vyetu vya saruji vya zamani, vyenye maua mekundu na ya kijani, vilivyowekwa na babu wa mume wangu, akasema, "Nereida, shoga yangu, mtamchezesha mtoto juu ya maua haya ya bibi kizee?"

Wiki ile ile nikaenda dukani. Nilimchukua fundi Chago, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Yeye akachagua kigae cha rangi ya majivu, chenye uso wa kukwaruza.

"Hicho kinafanana na barabara," nikasema.

"Barabarani umeona watu wanateleza?"

"Chago, umekuja kuchagua au kubeba?"

"Nimekuja kukuokoa, Doña Nereida. Tuombe chupa ya maji, tumwage hapa, ujaribu kwa mguu."

Niliona aibu. Kumwaga maji katika duka la watu! Muuzaji, bwana mmoja wa marashi mengi, akakigusa kile changu cha kung'aa, akatabasamu. "Bibi, wateja wa kigae hiki si watu wa kumwaga maji. Wanapangusa tu."

Nikajisikia nimepandishwa cheo.

Chago akavibandua vigae vyetu kimoja kimoja, polepole, kama anayetoa mtoto meno. "Maua haya unayatupa?" akaniuliza. "Yabebe yote," nikamwambia, "nisiyaone." Akayabeba kwa toroli siku nzima.

Sakafu mpya ikakamilika. Akina mama, ilikuwa nzuri! Nyeupe, kama sahani kabla ya chakula. Na kuanzia siku hiyo hapakuwa na mtu aliyekaa ndani. Nilikataza viatu kwa sababu vinakwaruza, nikakataza soksi kwa sababu zinateleza, nikakataza miguu mitupu kwa sababu inaacha alama. Mume wangu Wilfrido alipita sebuleni mikono imetanuka kama mtu aliye juu ya paa. Tulikula uani. Mbwa alifika mlangoni, akajiona, akabweka, akarudi.

"Nimezaa watoto sita katika nyumba hii," akasema Doña Fefa, "leo napita kwa kunyata kama mwizi wa kuku."

"Vumilia, mama. Ni kwa ajili ya sherehe."

Yanibel naye alifanyia mazoezi uani, kwenye udongo. Siku moja akaniuliza, "Mami, siku yenyewe si nitacheza ndani?"

"Ndani, ndiyo. Unadhani nimeinunua ya nini?"

"Na mguu wangu?"

"Utakanyaga taratibu."

Hilo naliandika kwa aibu. Nilijua. Nilikuwa nimeshateleza mara mbili mwenyewe, nikashika pazia, nikanyamaza.

Siku ikafika, Jumamosi, sherehe ikiwa saa tisa alasiri. Mimi nilikuwa saluni, kichwa kimejaa roli za nywele. Niliporudi nikasikia harufu ya dawa ya kunukia tangu barabarani, na maji meupe yananipita miguuni kwenda mtaroni.

Doña Fefa alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wake, ametokwa jasho, amejaa furaha. "Saba," akasema. "Wageni wanakuja, nisimwage?"

Nikashika vitambaa, nikapangusa mpaka magoti yakauma. Kigae cha namna ile hakinywi maji. Unafuta sabuni hapa, inahamia pale.

Wa kwanza kufika alikuwa Doña Minerva, kwa sababu alitaka kukagua. Akakanyaga ndani na viatu vya dhahabu, akafungua mikono kunisalimu, na hakusimama tena. Alipita mbele yangu akiwa wima, mikono bado imefunguliwa, mpaka akaingia chini ya meza ya keki, akakaa.

"Nereida," akasema kutoka huko chini, "inang'aa kweli."

Wilfrido akakimbia kumwinua. Naye akateleza. Akaishia kuketi katikati ya sebule, suti imelowa, amekumbatia boksi la viatu vya kisigino. Alinitazama, wala hakuwa na hasira.

"Mke wangu, nimvishe mtoto viatu hivi humu?"

Wageni walikuwa wamejaa mlangoni, hakuna aliyethubutu kuingia. Yanibel alikuwa ametokea mlango wa chumbani kwa gauni lake la waridi, ameshika fremu kwa mikono miwili. Alitoa mguu wa kushoto, akaugusisha sakafuni, akaurudisha. Akanitazama mimi. Na Minerva pia alikuwa ananitazama, toka chini ya meza.

Mdomo wangu ulitaka kusema, "Njoo, ni hatua tatu tu." Nauogopa mdomo wangu mpaka leo.

"Rudi nyuma, mwanangu," nikasema. "Tokea mlango wa jikoni. Shika ukuta. Sherehe haifanyiki humu."

"Itafanyika wapi?" akauliza Wilfrido. Uani, zilikojazwa ndoo saba, kulikuwa tope tupu.

Chago akanyoosha mkono kati ya wageni. "Kwangu kuna baraza."

Tukatoka kama msafara wa mtakatifu: keki mbele, sufuria ya wali wa mbaazi nyuma yake, mguu wa nguruwe mabegani, Minerva akichechemea. Na pale kwenye baraza la Chago, yamesuguliwa, yamepangwa vizuri kuliko yalivyokuwa kwetu, nikayaona maua yetu. Hata kile kigae Wilfrido alichokiangushia kinu mwaka tuliooana, na pengo lake.

Wilfrido akapiga goti, akamvisha. Yanibel akasimama. Kisigino kikagusa ua jekundu, kikashika. Akazunguka mara moja akihesabu, mara ya pili akicheka. Doña Fefa akaomba ndoo kwa mke wa Chago, akaimwaga yote pembeni mwa wachezaji, akinitazama mimi usoni. Hakuna aliyeteleza.

Sakafu yangu ipo bado. Tumeitandikia maboksi iliyokuja nayo, ukuta hadi ukuta, na sasa tunapita bila hofu. Nimehakikisha tu upande wenye picha ya kigae umetazama juu, ili mgeni akiingia ajue chini kuna nini.